Mbwa wa Baba Alikuwa Mmoja

Mbwa wa baba alikuwa mweusi mwezi wa sita na mwekundu mwezi wa kwanza. Nasema mwekundu kwa kuwa ndivyo majirani zetu wa Madale walivyosema, lakini ukimtazama vizuri ilikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa, imekolea mbavuni na kupauka mgongoni. Masika yakianza, manyoya yale mekundu yalipukutika. Ukimpapasa yanabaki kiganjani, na chini yake yanachomoza mapya, meusi tii. Kipupwe kikiingia alikuwa mweusi tena mpaka kwenye mkia. Kisha vuli inapita, jua kali linashika, na mbwa anaanza kupauka upya kuanzia mgongoni.

Hapakuwa na uchawi wowote. Baba ndiye aliyenieleza, na baba alikuwa mwalimu wa sayansi shule za msingi, tangu Singida alikoanzia kazi mpaka Dar alikostaafia. Alisema weusi wa unywele ni kitu, na kila kitu kikiachwa juani kinachoka. Akanionyesha pazia la sebuleni, ambalo upande wa dirishani lilikuwa limepauka kabisa. Mbwa naye hakuwa na akili ya kukaa kivulini. Ubavuni mwa nyumba yetu, kwenye ukuta ambao mpaka leo haujapigwa plasta, palikuwa na lundo la mchanga lililobaki tangu ujenzi, na juu ya lundo hilo ndipo alipojinyoosha kutwa nzima, jua likimpiga na ulimi uko nje.

Alikuja wakati wa masika, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Baba alimkuta kwenye mtaro mbele ya geti, kijibwa kimelowa, cheusi kitupu, akakiingiza ndani kwenye kofia yake ya pama. Jina hakumpa. Alisema jina ni la mtu, mbwa anatoshwa na mluzi. Akawa anamwita kwa mluzi wa sauti mbili, ya chini kisha ya juu, na mbwa popote alipokuwa alikuja mbio. Dada zake mama walisema mzee amepata wa kuongea naye. Walisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli.

Mimi nilifika baadaye kidogo, ndoa yangu iliposhindikana, na mabegi mawili na kiti cha kuoshea nywele. Baba hakuniuliza swali hata moja. Aliniambia tu kwamba chumba cha nyuma kinavuja upande wa kulia, kwa hiyo kitanda nikiweke kushoto. Saluni yangu iko Manzese. Nilitoka Madale mapema na kurudi jioni, na nikirudi tulikula na kubishana. Tulibishania kila kitu: tahajia kwenye gazeti, mahubiri ya mchungaji, njia fupi ya kwenda Tegeta. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Kosa likipita mbele yangu nalisahihisha, liwe la mteja au la mzee wangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, mama alikuwa akisema, na sisi wawili tulijiona tumesifiwa.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu. Kwanza alianza kuzisahihisha upya daftari za zamani alizozitunza kwenye sanduku, daftari za watu ambao sasa wana wajukuu. Kisha akaniuliza niko darasa la ngapi. Daktari aliuita ugonjwa huo kwa jina refu, akasema hautarudi nyuma, dawa zitaupunguza mwendo tu, na kazi yangu ni kuhakikisha mzee yuko salama na ametulia. Salama na ametulia. Niliyabeba maneno hayo mawili kutoka hospitali mpaka nyumbani, nikidhani ni kitu kimoja.

Kiangazi cha kwanza cha ugonjwa, asubuhi moja tukiwa barazani, akaniuliza, "Yule mweusi yuko wapi?"

"Huyo hapo, baba."

Akamtazama mbwa, ambaye alisikia anatajwa akainua masikio. "Huyu siye. Huyu ni mwekundu. Wa nani huyu?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu utani alikuwa nao. Lakini aliinuka, akaenda mpaka getini, akapiga mluzi wake wa sauti mbili. Mbwa akaruka kutoka kwenye mchanga, akamfikia, akasimama mbele yake akitikisa mkia. Baba akamchapa fimbo ya mgongo.

"Sikukuita wewe," akamwambia.

Mbwa alirudi nyuma hatua mbili, akakaa. Baba akapiga mluzi tena, akitazama barabarani. Mbwa akaja tena. Akachapwa tena. Nilisimama na sufuria mkononi nikitazama mambo hayo mpaka nikaenda kumnyang'anya baba ile fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumnyang'anya baba yangu kitu.

Kuanzia siku hiyo ikawa vita yangu. "Baba, ni huyo huyo. Ni jua tu." "Nani kakufundisha hayo?" "Wewe." "Mimi siwezi kufundisha upuuzi." Nilimtolea picha kwenye simu, mbwa wa kipupwe kilichopita, mweusi, yuko miguuni pake. Akaitazama picha, akasema ndiye, huyo ndiye waliyeniibia, umeiona sura yake? Kisha akaniomba simu ili aipeleke polisi.

Jirani yetu wa mbele ni mama mmoja wa Lindi anayekaanga vitumbua. Ni mtu wa swala tano, na mbwa hamgusi wala hamkaribii. Akitaka kuja kwetu alisimama nje ya geti akipiga hodi za kutosha mtaa mzima mpaka mbwa afungwe. Mimi na yeye hatukuwa tunaivana sana, maana alikuwa na habari za kila mtu, na za kwangu zaidi. Lakini baba alimpenda. Siku moja nikiwa nafua, nilimsikia baba akimuuliza kupitia nondo za geti kama amemwona mbwa mweusi.

"Shikamoo mwalimu. Yule mweusi kaenda kutembea," akajibu bila kuacha kugeuza vitumbua vyake. "Mvua zikianza utamwona."

"Ahaa," baba akasema. "Hata mimi nilidhani hivyo." Akarudi kukaa, akachukua gazeti, akatulia mpaka jioni.

Nilitoka na povu mikononi. "Mama, unamdanganya mzee."

"Nimemdanganya nini? Kwani mvua zikianza hatamwona?"

"Hajaenda popote. Yuko hapo kwenye mchanga."

Akaniangalia kama anayempima mtoto homa. "Wewe binti unataka kushinda. Humtulizi baba'ako, unataka kushinda tu. Mie nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kukwambia."

Maneno yake niliyapuuza. Nilijiambia kwamba baba hakutulea kwa uongo. Yeye ndiye aliyemrudishia mkaguzi wa shule cheti cha sifa kwa sababu kilikuwa na takwimu zisizo za kweli. Mtu kama huyo, niliona, anastahili kuambiwa kilivyo.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nikaamua kuimaliza kesi. Nilimbana mbwa katikati ya magoti, nikamwita baba akae karibu, nikachukua kitana changu cha saluni nikayagawa manyoya ya shingoni mpaka kwenye ngozi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili na mapya yalikuwa yameanza kuchomoza. "Ona, baba. Huku chini ni mweusi. Huku juu ni jua. Ni unywele ule ule."

Alivaa miwani. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama daftari la mwanafunzi mzembe aliyepata jibu sahihi kwa bahati. Aliyapapasa yale meusi kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ni huyu huyu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimekuwa nampiga."

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mahakamani. Baba alivua miwani, akaingia chumbani kwake, na chakula cha mchana hakukila. Jioni alipotoka, ile habari ya manyoya ilikuwa imeshafutika kichwani, lakini huzuni yake ilibaki usoni na hakujua imetoka wapi. Aliniuliza mara mbili, "Nani amekufa?"

Mvua zilipoanza, mbwa akawa mweusi. Mchakato wenyewe ulichukua wiki kadhaa, akawa na mabaka mabaka kama ukuta unaobanduka rangi, na katika wiki hizo baba hakumjali huku wala kule. Kisha asubuhi moja alitoka barazani, akamwona, akadondosha kikombe. "Umetoka wapi wewe?" Alipiga magoti kwenye matope, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akamkumbatia mbwa shingoni. Miezi yote ya baridi ile waliishi kama zamani, mmoja kwenye kiti na mwingine chini ya kiti. Alikula vizuri, alilala vizuri. Nilisema moyoni kwamba laiti ingekuwa kipupwe mwaka mzima.

Kiangazi cha pili kikawa kibaya kuliko cha kwanza, na cha tatu kikawa kibaya kuliko vyote, kwa sababu kile cha tatu baba hakuishia getini. Alianza kutoka kwenda kumtafuta mbwa mweusi. Madale ina vilima, barabara zake za udongo zinapanda na kushuka katikati ya nyumba ambazo nusu yake ni mapagala, na mtu asiyekumbuka ametokea wapi anaweza kuzunguka humo mpaka miguu iishe. Mara ya kwanza alirudishwa na mafundi. Mara ya pili nilimkuta mwenyewe amesimama katikati ya njia, malori ya kokoto yanampigia honi, na yeye anayapigia mluzi.

Nikaanza kuandika namba yangu ya simu ndani ya kola za mashati yake. Ndiyo iliyonisaidia siku alipopotea kabisa. Nilikuwa Manzese, nimemshika mteja kichwa, simu ikaita, sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniuliza kama nina mzee mrefu mwenye kofia. Alikuwa Kawe. Mpaka leo sijui alifikaje Kawe. Nilimkuta kwenye benchi la mama ntilie huyo aliyenipigia, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, kisigino kinavuja damu, anakunywa chai aliyopewa. Yule mama aliniambia alikuwa anasimamisha watu mmoja mmoja akiwauliza habari za mbwa, na baadhi yao walikuwa wanamcheka. Akaongeza kwamba alipokuwa anavuka barabara gari lilimkosa padogo sana.

Baba aliponiona hakunijua. Alisimama, akanivulia kofia. "Shikamoo mama," akaniambia. "Samahani, umemwona mbwa mweusi?"

Mtu mzima, baba yangu, kuniamkia mimi shikamoo. Nililia palepale mbele ya wateja wa watu.

Baada ya hapo nikafunga geti kwa kufuli. Alilitikisa mpaka mikono ikachubuka. Aliwaambia wapita njia kwamba yeye si mfungwa, kwamba hajaiba, kwamba ana barua ya kustaafu kwa heshima. Watu wengine walisimama kusikiliza. Saluni nilikuwa naifungua siku mbili tatu kwa wiki, siku nyingine nashinda naye, na kila siku kuanzia saa tatu asubuhi ilikuwa ni geti, mluzi na fimbo. Mbwa alikuwa amejifunza kutokuja. Akisikia mluzi alitetemeka pale kwenye mchanga, anainuka nusu, anakaa tena. Ilikuwa mwezi wa kwanza bado. Mvua ilikuwa mbali, na sikuona jinsi ya kumfikisha baba huko akiwa mzima.

Ndipo nikafikiria piko.

Piko ni kitu cha kila siku kwenye kazi yangu. Ni unga mweusi wa kupaka nywele, unauchanganya na maji, na mvi zote zinakwenda. Mabibi harusi wa Manzese nawachora nayo mikononi. Na yeyote anayefanya kazi hii anajua kwamba piko ni kali. Nimewahi kumwona mteja amevimba uso mpaka macho yakajifunga. Ndiyo maana mteja mgeni simpaki kichwani kabla ya kumjaribu nyuma ya sikio na kumwambia arudi kesho. Msichana wangu wa kazi nimemfukuza kwa kuiruka hatua hiyo. Yote haya nilikuwa nayajua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Nilisubiri baba alipojilaza baada ya chakula. Nilikoroga piko kwenye beseni, sio kijiko kimoja cha kichwa cha mtu, bali pakiti baada ya pakiti, na nikampeleka mbwa uani. Glavu zilinifika kwenye vifundo vya mikono tu. Nilimpaka mgongo, mbavu, shingo, masikio, mkia, kwa sponji, na pale sponji ilipokataa nikatumia vidole. Hakuleta ukorofi. Alisimama akiniegemea mguu, na kila nilipopumzika aligeuza kichwa akajilamba ubavuni, na mimi nikamzuia kwa sababu alikuwa ananiharibia kazi. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyomzuia. Nilimwosha kwa maji machache, maana nilitaka rangi ikamate, nikamwacha akauke.

Nilikuwa bado naosha beseni niliposikia mluzi. Mbwa akasita, akanitazama. Nikamwambia nenda.

Sijawahi kuona furaha kama ile kwenye uso wa mtu mzima. Baba alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, miguu ameinyoosha mbele, na mbwa akaja polepole, amejikunyata, akisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Akaweka kichwa kwenye paja la baba. Walikaa hivyo mpaka kivuli kikazunguka nyumba. Baadaye baba alikula wali sahani nzima akaomba mwingine, akanisimulia mwanafunzi mmoja wa Singida aliyeleta chura hai kwenye somo la maumbile, na katikati ya hadithi akaniita jina langu. Langu, sio la mama wala la shangazi. Nililifungua lile kufuli la geti makusudi nikaliacha geti wazi, na hakulisogelea hata mara moja. Nilijiona nina akili kuliko daktari.

Kabla jua halijazama mbwa alikuwa anajisugua mdomo kwenye ukuta. Nilipowasha taa ya baraza nikaona macho yake yamekuwa madogo, na shavu limejaa. Maji hakunywa. Nikajiambia kesho atakuwa sawa, atakuwa amezoea. Asubuhi shingo ilikuwa imevimba imekuwa sawa na kichwa, anapumua kwa mlio, na pale alipokojoa palikuwa na rangi ya kahawa. Nikampigia daktari wa mifugo wa Tegeta.

Alikuja na pikipiki, akachuchumaa, akamshika taya. Baba alikuwa amekaa palepale chini, kichwa cha mbwa kiko mapajani mwake.

"Amekula nini huyu?" daktari akauliza.

Baba akanitazama. Alinitazama kwa kuniamini kabisa, anasubiri nimjibu daktari, kwa kuwa mimi ndiye mwenye majibu nyumba hii.

"Sijui," nikasema.

Daktari alimchoma sindano mbili. Nilipomsindikiza getini ndipo nilipomwambia habari ya piko, kwa sauti ya chini. Alifunga begi lake kwanza. "Dada, ungeniambia pale pale," akasema. Kisha nadhani alinihurumia, akasema kwamba pengine isingesaidia, kwamba dawa ile ikishaingia tumboni kwa kulamba haina huruma. Alirudi ndani na sindano nyingine. Mbwa alikufa kabla ya saa sita mchana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa fimbo, kwa baba kuvunja vitu. Haikuwa hivyo. Alikaa naye kidogo, akampapasa masikio, kisha akaomba jembe. Tulichimba pamoja nyuma ya nyumba. Udongo wa kule ni mgumu na tulipokezana, na nilipotaka kumsaidia kumbeba akakataa.

"Amerudi kufia nyumbani," akasema. "Wengine hawapati bahati hiyo."

Jirani wa vitumbua alikuja kutoa pole. Kwa mara ya kwanza aliingia bila kupiga kelele nje ya geti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumfunga tena. Alimpa baba pole, akanigeukia mimi anipe mkono, na macho yake yakasimama kwenye mikono yangu. Ilikuwa myeusi kutoka kwenye vifundo mpaka viwiko. Piko haitoki kwa sabuni, inatoka na ngozi. Aliitazama, akanitazama usoni, akaushika mkono wangu hivyo hivyo, akasema pole mwanangu. Na habari hiyo, mtu huyu wa habari, sijasikia ameipeleka popote.

Ningekuwa naandika tu habari za mbwa aliyekufa, ningeishia hapa. Lakini baada ya siku nne hivi, tukiwa tunakunywa chai, baba akauliza, "Na yule mwekundu?"

Nikasema mwekundu yupi.

"Yule niliyekuwa nampiga. Simwoni tangu mweusi arudi." Alikifikiria kitu hicho, kikombe kimesimama njiani. "Ameona mwenyewe amerudi, akaondoka. Kila siku nilikuwa namwambia aondoke. Sasa ameondoka."

Kesho yake aliuliza tena. Keshokutwa tena. Mambo mengine yote yalikuwa yanamponyoka, majina yetu, miezi, kama amekula au hajala, lakini hili lilimganda. Fimbo yake aliivunja vipande viwili akaitupa kwenye takataka. Alianza kubakiza chakula, nyama na mfupa, anaviweka kwenye kifuniko pembeni mwa lundo la mchanga, na kunguru wanakula. Mvua zilipoanza, jirani alijaribu dawa yake ya zamani. Alimwambia kupitia geti kwamba mwekundu kaenda kutembea, jua likirudi naye atarudi.

Baba akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Huyo alipigwa bila kosa. Aliyepigwa bila kosa harudi."

Jirani akanitazama mimi. Hakuna mwingine aliyekuwa na jibu. Nikageuka nikaingia jikoni.

Na getini hakwenda tena. Niliacha kufuli wazi, kisha nikaliondoa kabisa, na hakutoka hata hatua moja. Niliwahi kumuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza, kama hataki kwenda kumtafuta mwekundu kama alivyomtafuta mweusi. "Nikimkuta nitamwambia nini?" akasema. Akawa anakaa barazani, mikono magotini. Mluzi hakuupiga tena. Nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimekipata: baba alikuwa salama.

Miezi ile yote nilikuwa na maelezo yangu tayari. Kwamba ukweli ungemuumiza, kama ile Jumapili ya kitana. Kwamba asingeuelewa. Kwamba angeusahau kufika jioni, na mimi ningelazimika kumuua mbwa wake upya kila asubuhi. Maelezo mazuri, na kila moja lina ukweli ndani yake. Lakini mimi ndiye niliyemsahihisha mzee huyu miaka mitatu kwa rangi ya manyoya. Sikuwahi kukosa nguvu ya kumwambia amekosea, mpaka siku ambayo kumwambia amekosea kungemtua mzigo yeye na kunitwika mimi.

Nimonia ilimpata kipupwe kilichofuata. Hospitali walitupa kitanda karibu na dirisha. Asubuhi moja aliamka na akili zake zote, kitu ambacho wauguzi walisema hutokea. Alinijua. Aliniuliza kuhusu saluni, akaniuliza kama kile chumba bado kinavuja. Kisha akanishika mkono.

"Yule mbwa mwekundu," akasema. "Ukimwona, niombee radhi. Mwambie mzee alikuwa mgonjwa."

Wodini watu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Hakuwa na haraka, aliniangalia usoni akisubiri, na pumzi zake siku hiyo zilikuwa nzuri kuliko wiki nzima.

"Sawa baba," nikasema. "Nitamwambia."

Akashukuru. Alifariki siku ya pili yake, mchana.